Nyumba Inapotawaliwa na Hofu ya Kutapika



Katika ndoa kuna taabu zinazosemwa waziwazi, kama vile ukosefu wa fedha, ulevi au ugomvi na wakwe. Kuna nyingine ambazo hufichwa kwa sababu wahusika wanaona aibu kuzitaja. Somo letu la leo linahusu mojawapo ya hizo zinazofichwa: hofu kali ya kutapika, pamoja na wasiwasi usiokwisha kwamba chakula kimeharibika au kina sumu. Mwenye hofu hii anaweza kuwa mtu mzima mwenye akili timamu, mchapakazi na mwenye kusali, lakini sahani ya wali humtetemesha. Mwenzake hajui acheke, akasirike au alie. Tunawaomba msome somo hili mkiwa wawili, na mwishoni mjadiliane maswali tuliyoyaweka.

HOFU HII NI NINI?

Hakuna mtu anayefurahia kutapika. Hata hivyo, wengi wetu tukitapika tunasukutua kinywa, tunapumzika, na baada ya siku chache tumesahau. Kwa watu wengine mambo sivyo. Wazo tu la kutapika, wao wenyewe au mtu aliye karibu nao, huwaletea jasho, mapigo ya haraka ya moyo na hamu ya kukimbia. Wataalamu huiita hali hii emetofobia, nao huihesabu pamoja na hofu nyingine zilizopita kiasi, kama ile ya nyoka, ya damu au ya mahali pa juu. Huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume, na mara nyingi huanza utotoni. Si uchawi, si deko, wala si dalili ya imani haba.

Jambo la kushangaza ni kwamba wengi wenye hofu hii hutapika mara chache sana. Wengine hawajatapika kwa miaka mingi. Linalowatesa ni lile la kungojea kila siku kwamba leo ndiyo leo.

JINSI INAVYOINGIA NYUMBANI

Fikirini nyumba ya namna hii. Mke amepika maharagwe jioni. Kabla ya kula anauliza, "Baba watoto, hebu onja, hayajachacha?" Mume anaonja na kusema ni mazuri. Baada ya dakika tano: "Una hakika?" Mume anasema ana hakika. Usiku wa manane mke anamwamsha: "Wewe tumbo lako liko sawa? Maana tumekula chakula kimoja." Asubuhi maharagwe yaliyobaki yanamwagwa. Baada ya muda nyama hainunuliwi tena, maziwa yanachemshwa mara tatu, na mikono inaoshwa mpaka ngozi inachubuka. Mke anakaa na simu hadi saa nane za usiku akitafuta dalili za chakula chenye sumu.

Wakialikwa harusini, kichwa kinamuuma. Wakienda kwa mama mkwe, anaishika sahani bila kula, na mama mkwe anasema moyoni, "Huyu anadhani nitamdhuru." Mtoto akisema tumbo linauma, mama mwenyewe anatoka nje ya nyumba, kisha analia kwa kuwa ameona aibu. Mume naye amechoka. Siku moja anafoka, "Wewe unajifanya tu!" Tangu hapo mke haulizi tena kwa sauti, anaogopa akiwa peke yake.

Mambo yanaweza pia kuwa kinyume, mume ndiye mwenye hofu. Yeye huenda akaificha kwa ukali: anakataa chakula, anamlaumu mkewe kwamba si msafi, anakula mikate tu kazini. Mke anadhani hapendwi, kumbe mume anaogopa.

KWA NINI HOFU HAIPUNGUI

Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Tuongeze jambo moja: anayeukimbia ung'ongo kila siku hatajua kamwe kwamba si nyoka. Hivyo ndivyo hofu hii inavyofanya kazi. Mtu anamwaga chakula, na mara moja anapata nafuu. Moyo wake unajifunza hivi: "Nimepona kwa sababu nilimwaga." Kesho yake hofu inarudi ikiwa na nguvu zaidi, nayo inadai sadaka kubwa zaidi. Leo ni kiporo, kesho ni mayai, keshokutwa ni kila kitu ambacho hakupika mwenyewe.

Tena kuna mtego mwingine. Mwili wenye hofu hujiandaa kukimbia au kupigana. Damu huelekea kwenye misuli, na tumbo hupunguza kazi yake ya kusaga chakula. Hapo mtu husikia tumbo zito na kichefuchefu. Yeye husema, "Ni ile nyama ya mchana," kumbe ni hofu yenyewe. Kichefuchefu kinaongeza hofu, na hofu inaongeza kichefuchefu.

UPENDO UNAOILISHA HOFU

Sasa tunafika kwenye kiini cha somo letu. Mume mwema akimwona mkewe anatetemeka, anataka kumtuliza. Anaonja chakula, anajibu swali mara kumi, anasoma tarehe kwenye pakiti ya maziwa, anakataa mialiko kwa niaba ya nyumba nzima. Anafanya hayo kwa upendo. Lakini kila jibu analotoa ni sawa na kumwaga chakula: linaleta nafuu ya dakika tano na kuilisha hofu kwa siku nyingine. Kidogo kidogo nyumba nzima inakuwa mtumwa wa hofu, na mume anakuwa karani wake.

Kwa upande wa pili, kuna mume anayechoka na kuamua kutumia nguvu. Anacheka mbele ya watoto, anamlazimisha mkewe kula, au anamchanganyia kiporo kwa siri ili baadaye amwambie, "Umeona hukufa?" Huko ni kuvunja uaminifu. Mtu aliyedanganywa mezani na mwenzi wake atamwamini nani?

Mtume Paulo anatupa mwanga. Katika Wagalatia 6:2 anatuagiza tuchukuliane mizigo. Aya chache baadaye, katika 6:5, anasema kila mmoja atachukua mzigo wake mwenyewe. Maneno haya hayapingani. Hofu ya mwenzi wako huwezi kuipita kwa niaba yake, kama vile huwezi kumzalia mtoto au kumlia chakula. Hilo ni fungu lake. Lakini njia ya kuipita hofu hiyo mnaweza kutembea pamoja. Hilo ni fungu lenu.

FUNZO KUTOKA KWA MTAKATIFU ALFONSI

Kanisa linaijua taabu inayofanana na hii: wasiwasi wa dhamiri. Kuna waamini wanaoungama dhambi ileile mara nyingi, wakihofu kwamba hawakusamehewa. Mtakatifu Alfonsi Maria wa Liguori (1696–1787), mwanzilishi wa Shirika la Waredentori na Mwalimu wa Kanisa, aliteswa yeye mwenyewe na wasiwasi wa namna hiyo. Mwaka 1950 Kanisa lilimtangaza kuwa msimamizi wa waungamishi. Waungamishi wenye hekima wamejua tangu zamani kwamba mwenye wasiwasi hasaidiwi kwa kuruhusiwa kurudia maungamo yaleyale. Padre humsikiliza kwa upole, kisha humwambia asirudie tena jambo lililokwisha kuungamwa, bali aendelee na maisha akitumaini huruma ya Mungu.

Mwenzi wa mtu mwenye hofu ya kutapika anaweza kufuata njia hiyo. Asikasirike wala asijibu mara kumi. Wakati wa utulivu, si katikati ya hofu, wakubaliane wawili: "Ukiniuliza kama chakula ni kizuri, nitajibu mara moja tu. Ukirudia, nitakushika mkono na kukukumbusha makubaliano yetu." Baada ya majuma machache wanaweza kukubaliana kwamba hata lile jibu moja liachwe. Saa ya hofu ikifika, maneno haya yanatosha: "Naona unaogopa, mama. Sitajibu, kwa sababu tulikubaliana. Lakini niko hapa, siendi popote." Mwanzoni hofu itapanda. Vumilieni. Ikikosa chakula chake, itaanza kupungua.

TAHADHARI YA KWELI NA TAHADHARI YA HOFU

Wengine watasema, "Lakini chakula kibaya kipo!" Ni kweli. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu milioni 600 huugua kila mwaka kutokana na chakula kisicho salama. Hapa Kenya, mwaka 2004, mahindi yenye sumukuvu yaliwaua watu 125, wengi wao katika Makueni na Kitui. Kwa hiyo tahadhari ni wajibu wa kila familia. Tofauti ni hii: tahadhari ya kweli ina mwisho, ya hofu haina.

Shirika hilo la Afya linafundisha mambo matano. Yaandikeni kwenye karatasi na kuyabandika ukutani jikoni:

1. Osheni mikono na vyombo kabla ya kupika na kula, na baada ya kwenda chooni.
2. Tenganisheni nyama mbichi na vyakula vilivyoiva, pamoja na visu na vibao vyake.
3. Pikeni chakula kiive kabisa, hasa nyama, kuku, mayai na samaki. Joto la ndani lifike nyuzi 70 za Selsiasi.
4. Msiache chakula kilichoiva bila baridi wala moto kwa zaidi ya muda wa saa 2. Kiporo kipashwe moto mpaka kitoe mvuke kote.
5. Tumieni maji safi na vyakula visivyoharibika.

Kwa sisi tunaokula ugali na githeri, tuongeze: mahindi yakaushwe vizuri, unyevu usizidi asilimia 13.5, na yenye kuvu yasiliwe, kwa kuwa kupika hakuondoi sumukuvu.

Mkishafanya hayo mara moja, kazi imekwisha. Kunusa sufuria mara ya pili, kuosha mikono iliyooshwa, au kumwamsha mwenzako usiku, hayo hayalindi tumbo la mtu yeyote. Hofu ikisema "fanya tena", itazameni karatasi ya ukutani, kisha kaeni mle.

HATUA KWA HATUA

Katika Injili ya Marko 8:22-25 Yesu alimponya kipofu wa Bethsaida kwa hatua mbili. Kwanza alimshika mkono na kumtoa nje ya kijiji. Alipomgusa, yule mtu aliona watu kama miti inayotembea. Yesu hakumkemea kwa kuona nusu, alimgusa tena. Bwana mwenyewe hakuona haya kwenda polepole.

Tiba inayojulikana kusaidia hofu hii nayo huenda polepole. Ni tiba ya mazungumzo pamoja na mazoezi ya kukutana na kinachoogopwa, kidogo kidogo. Mgonjwa huandika ngazi yake mwenyewe, akianza na jambo jepesi. Kwa mfano:

– kutamka neno "kutapika" bila kuziba masikio;
– kuliandika, kisha kutazama mchoro wake;
– kusikiliza sauti ya mtu anayekohoa na kutapika;
– kula chakula alichopika mwenzake bila kukinusa;
– kula kiporo kilichopashwa moto vizuri;
– kula chakula cha moto kwenye hoteli au harusini;
– kukaa karibu na mtoto anayeumwa tumbo.

Katika kila hatua mtu hukaa na hofu bila kuikimbia, mpaka aone kwamba anaweza kuistahimili. Hurudia siku nyingi, kisha hupanda hatua inayofuata. Hakuna haja ya kujitapisha. Mwenye hofu ndiye anayeamua lini apande, na mwenzi hamsukumi wala hamvuti. Ni vizuri zaidi kuongozwa na mwanasaikolojia au mshauri aliyefunzwa kazi hiyo.

UJA UZITO

Hapa ndipo hofu hii huumiza ndoa kuliko mahali pengine popote. Mwanamke anayeogopa kutapika anaweza kuogopa mimba, kwa sababu ya kichefuchefu cha miezi ya kwanza. Hasemi. Anatafuta visingizio, anakwepa kitanda, na mume anadhani amechukiwa. Ndugu wa mume wanaanza kuhesabu miaka na kuuliza "kuna nini nyumbani kwako?"

Akina mama, mwambieni mume ukweli. "Naogopa kutapika" ni neno gumu, lakini halivunji ndoa kama ukimya unavyoivunja. Akina baba, mkisikia neno hilo msilicheke. Wala msiwape ndugu siri hiyo kabla mwenyewe hajakubali. Kazi yenu ni kuwaambia ndugu kwa heshima kwamba mambo ya uzazi ni ya ninyi wawili na Mungu.

Mtakatifu Papa Paulo VI, katika waraka wake Humanae Vitae wa mwaka 1968, alifundisha kwamba wanandoa wanaweza kuwa na sababu nzito, za mwili au za nafsi, za kuacha nafasi kati ya uzazi kwa kufuata vipindi vya asili vya mwanamke. Kwa hiyo wanandoa wanaotafuta tiba kwanza, huku wakitumia mpango wa asili, wasijione wamemkosea Mungu. Lakini muda huo utumike kutibu hofu, si kuificha. Na mjue haya: kichefuchefu huwapata wajawazito wengi, lakini si wote wanaotapika. Kwa wengi hupungua sana baada ya miezi mitatu au minne. Kula kidogo kidogo mara nyingi husaidia, na daktari anaweza kutoa dawa zinazofaa. Mwambieni mkunga habari za hofu hii tangu siku ya kwanza ya kliniki.

MTOTO ANAPOUGUA

Pangeni mapema nani atafanya nini. Mwanzoni mwenzi asiye na hofu amshike mtoto na kusafisha, mwingine alete maji na taulo hadi mlangoni. Safari nyingine aingie hatua mbili. Mtoto asiambiwe, "Usinitapikie!" Watoto hujifunza hofu kwa kuwatazama wazazi.

Mtoto anayetapika au kuhara apewe maji ya chumvi na sukari ya pakiti kutoka zahanati, kwa kijiko, kidogo kidogo. Pakiti ikikosekana, changanyeni vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, katika lita 1 ya maji safi. Mtoto asiyeweza kunywa au kunyonya, anayetapika kila kitu, mwenye degedege, aliyelegea mno au mwenye damu katika choo, apelekwe hospitali mara moja. Hapo si hofu, ni hatari ya kweli.

DAKTARI NA SALA

Yoshua bin Sira, sura ya 38, anatufundisha kumheshimu daktari kwa kuwa Mungu ndiye aliyemuumba, na pia kusali wakati wa ugonjwa. Yote mawili. Anzeni kwa kupimwa tumbo, kwa maana vidonda vya tumbo na magonjwa mengine huleta kichefuchefu cha kweli. Mkiambiwa tumbo ni zima, msizunguke hospitali tano kutafuta jibu la sita. Ombeni mpelekwe kwa mtaalamu wa magonjwa ya akili. Hospitali kubwa za kaunti nyingi wanao. Kumwona daktari wa akili si kuitwa kichaa. Wakati mwingine ataongeza dawa ya kupunguza hofu. Lakini kumeza vidonge vya kuzuia kutapika kila siku kutoka duka la dawa, bila kuandikiwa na daktari, ni kuilisha hofu kwa njia nyingine.

Mgonjwa akipungua uzito sana, akishindwa kutoka nyumbani, au akisema afadhali afe, msingoje. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.

Katika sala pia kuna mtego. Mwenye hofu anaweza kusali rozari nzima akimwomba Mungu asitapike usiku huo, na akikosea neno anaanza upya. Sala imegeuka hirizi. Afadhali sala fupi ya kuomba nguvu ya kula, kisha ale.

Wapendwa, siku ya harusi yenu mliahidiana uaminifu katika afya na katika ugonjwa. Wengi tulipotamka ahadi hiyo tulifikiria homa, ajali au uzee. Huenda ugonjwa mliopewa ninyi umekuja kwa sura ya sahani ya maharagwe. Upendo wenu utajulikana hapo: kukaa mezani pamoja, bila dhihaka na bila kuihudumia hofu, mpaka mwenzako aweze kumeza tonge moja zaidi ya jana.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kila mmoja amwambie mwenzake hofu moja ambayo amekuwa akiificha. Msikilizaji asitoe shauri kwa dakika kumi.
2. Ni mambo gani tunayafanya nyumbani ili kuituliza hofu tu, wala si kwa sababu yana faida?
3. Je, tumewahi kumcheka mwenzi wetu mbele ya watoto au ndugu? Tutalirekebishaje jambo hilo?
4. Juma hili tutapanda hatua gani moja ndogo pamoja?

SALA YA WANANDOA

Ee Bwana, wewe ulikula na wanafunzi wako waliokuwa na hofu, na hukuwafukuza mezani. Kaa nasi tunapokula. Mpe mwenye hofu ujasiri wa hatua moja, na mwenzake uvumilivu wa siku nyingi. Utufanye tuchukuliane mizigo yetu bila kuchokana. Amina.